Kilomita Arobaini na Sita za Jumatano

Mshauri wa kodi alikuwa na kidole kirefu chenye kucha iliyokatwa mraba, na kwa dakika nzima kidole hicho hakikubanduka kwenye mstari mmoja wa daftari langu.

"Jumatano hii ulikwenda wapi?" akauliza.

"Jumatano siendi popote. Nina zamu wodini. Zahanati iko mtaa wa pili, naenda kwa miguu, gari linabaki nyumbani."

"Daftari linasema linatoka." Akanigeuzia ukurasa. "Kilomita arobaini na sita. Sababu ya safari, kazi. Jumatano iliyofuata, arobaini na sita, kazi. Iliyofuata, hivyohivyo. Hizi namba zimenyooka kama zimepigwa pasi, dada yangu. Mtu wa kweli huwa anakosea njia, anazunguka shimo, anasimama kununua nyanya. Huyu hakosei."

Nikainama. Kati ya mistari yangu, iliyoandikwa mbiombio kwa mwandiko ambao wenzangu huuita kuku kapita, kulikuwa na mistari mingine ya herufi kubwa, safi, kila herufi imesimama wima. KAZI. Mstari mmoja kila wiki. Sikuwa nimeiandika mimi.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipenya sakafuni ikanikaa kooni.

"Tarehe moja tu ndiyo imeruka," akaendelea. "Jumatano ya wiki ya saba. Hiyo umeandika mwenyewe: binafsi, hospitali ya macho."

"Siku hiyo niliomba ruhusa, nikampeleka baba."

"Sawa. Zimebaki kumi na moja." Akavua miwani. "Mwenzio nyumbani anaendesha?"

"Anaendesha."

Aliinua nyusi kidogo tu, akazishusha, na nusu hiyo ya inchi ikanifuata mpaka nyumbani.

Mimi ni mkunga. Mama akishajifungua na kurudishwa kwake, mimi ndiye ninayemfuata kumwangalia yeye na mtoto, nyumba hadi nyumba, kwa gari langu mwenyewe na petroli yangu mwenyewe. Mwajiri halipi hata pampu ya tairi. Kilichobaki ni kuomba gharama hizo zitolewe kwenye kodi yangu, na sheria inakubali, ila kwa wivu wake: kutoka nyumbani kwangu kwenda zahanati ni shauri langu, kutoka kwa mama huyu kwenda kwa mama yule, hiyo ndiyo kazi. Ili wajue lipi ni lipi, unajaza daftari la safari kwa wiki kumi na mbili. Tarehe, mita ilisoma ngapi ukiondoka, ngapi ukifika, sababu. Nililijaza mfululizo, alfajiri na jioni, ndani ya gari lenye taa mbovu ya ndani. Naangalia mita, naandika kwenye mstari mtupu unaofuata, nafunga. Mtu aliyechoka hasomi mstari wa juu.

Sasa idara ya kodi ilikuwa imeleta barua. Walilitaka daftari, na karatasi yenye sahihi yangu kwamba safari zote zilizoandikwa kazi nilizifanya mimi, kwa kazi. Mwisho Ijumaa. Leo Jumatatu.

"Ukisaini uongo mmoja, wanalitupa daftari zima," mshauri aliniambia mlangoni. "Halafu wanafukua fomu zako za miaka iliyopita. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa niambie nani anaendesha gari lako Jumatano."

Niliahidi, kana kwamba ninajua.

*

Mume wangu ni mwokaji mikate. Huamka saa nane usiku, hurudi saa tatu asubuhi akiwa mweupe hadi kwenye kope, hula, na ikifika saa nne analala usingizi ambao hata nyumba ikihamishwa atahamishwa nayo. Ni mtu mkubwa. Mtaa mzima unamwita Bonge, na mimi pia, tangu enzi za uchumba. Kwenye kiwanda chao yeye ndiye anayeandika vibao vya aina za mikate. Huviandika kwa herufi kubwa.

Jioni ile nilimkuta jikoni anamenya viazi, na baba yangu sebuleni na redio yake sikioni. Nikasimama nyuma ya mume wangu, nikanusa kola ya shati. Unga. Nikanusa shingo. Unga na sabuni.

"Mbona unaninusa?" akauliza bila kugeuka.

"Nakusalimia."

"Miaka tisa hukuwahi kunisalimia kwa pua."

Nikajitia hamnazo, nikachukua kisu kingine. "Jumatano unafanyaga nini mchana?"

"Nalala."

"Jumatano zote?"

"Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Ukitaka nitakuandikia ratiba." Akanitazama sasa. "Kuna nini, mke wangu?"

"Hakuna."

Tukala. Baba alipapasa mezani upande wa kushoto akitafuta glasi iliyokuwa mbele ya macho yetu, nikamsogezea. Tangu jicho la kushoto lipasuliwe, daktari alisema haliwezi kurudi. La kulia litunzwe, na asishike usukani tena. Miaka thelathini na nne alikuwa dereva wa lori. Alilisikia neno lile akiwa amekaa wima, akauliza tu kama leseni wataichukua palepale au ataileta mwenyewe. Akaipeleka mwenyewe. Kisha akauza nyumba yake akahamia kwetu, na mwaka mzima sikusikia akilalamika. Hata chakula kikizidi chumvi, alikula.

Walipolala nilichukua funguo zangu, nikatoka na tochi ya simu. Kama kuna mwanamke, nilijiambia, ataacha alama: kibanio, harufu, tikiti ya maegesho. Nikaanza na kiti cha dereva. Kiti kilikuwa palepale ninapokiweka, karibu na usukani, kwa miguu yangu mifupi. Nilipaswa kuelewa hapohapo. Lakini mtu aliyekwisha kumhukumu mwenzake hatafuti ushahidi wa kumtoa.

Kwenye kisanduku cha dashibodi, chini ya karatasi za bima, nikakuta vijikaratasi vimekunjwa pamoja kwa mpira. Kumi na moja. Kila kimoja kilipigwa chapa na mashine: tarehe ya Jumatano, saa tano na dakika kadhaa asubuhi, namba ya gari langu, na chini yake, uzito. Kilo 1,080. Kilo 1,080. Kimoja 1,090. Vilitoka kwenye mizani ya malori, ile iliyoko kwenye barabara kuu nje ya mji, ambako magari ya mizigo hupimwa kabla ya kuruhusiwa kupita.

Nikakaa na tochi mapajani. Nani hupeleka gari dogo kupimwa kwenye mizani ya malori? Mwanamke hapimwi namna hiyo. Mzigo ndio unaopimwa. Na mume wangu anashinda kwenye ghala la unga, na mwezi uliopita alinisimulia mwenyewe, huku akicheka, kwamba bosi wao anahesabu magunia mara mbili. Kwa nini alicheka?

Sikujua lipi baya zaidi. Mwenye mwanamke ningemfukuza. Mwizi wa unga ningemfanyaje, na safari za wizi zimo kwenye daftari langu, kwa jina langu, zikiombewa nafuu ya kodi?

*

Jumanne asubuhi nilimvizia akiingia, kabla hajavua viatu.

"Wewe umewahi kwenda mizani?"

Akajitazama tumbo. "Kwani nimeongezeka?"

"Jibu."

"Mwezi wa pili, pale zahanati kwenu. Mia na nne. Ukanigombeza, nikaacha siagi siku nne." Akakaa kwenye kiti, kiti kikalia. "Sema lililo moyoni. Jana umeninusa, leo unanipima. Kesho utanichinja?"

Nilikuwa karibu kulimwaga lote. Vijikaratasi vilikuwa mfukoni mwangu, vidole vyangu viko juu yake. Ni baba aliyeniokoa, alitoka chumbani kwake amevaa shati limepigwa pasi, akasema, "Mkwe, habari za kazi?" na mume wangu akainuka kumpisha kiti, kama kawaida yake. Nikaondoka bila kuaga.

Siku hiyo mama wa nne kumtembelea alikuwa msichana mwenye mtoto wa siku sita. Nilimpima mtoto kama ninavyowapima wote: unamfunga kwenye kitambaa, unamning'iniza kwenye ndoano ya mizani, unasoma, kisha unatoa uzito wa kitambaa. Mama mdogo akauliza, "Huyu si amepungua?" Nikamjibu bila kufikiri, "Usiangalie namba ya juu. Toa kitambaa kwanza."

Maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Nilimrudishia mtoto, nikaandika kadi yake, nikamuaga, na nilipofika kwenye gari nikafungua kadi ya gari. Uzito likiwa tupu: kilo elfu moja.

Nikatoa kitambaa.

Elfu na themanini kasoro elfu, themanini. Ndani ya themanini hizo kuna petroli, tuseme kilo kumi na tano. Kuna mkoba wangu wa akiba nyuma na mwavuli na takataka zangu, tuseme kumi. Anabaki dereva. Kilo hamsini na tano.

Bonge peke yake, akiwa uchi na tangi likiwa kavu, angeivusha namba ile. Hakuna gunia. Hakuna mwanamke, labda awe mwanamke mmoja tu, peke yake, mwenye mwili kama wangu na miguu kama yangu, asiyehitaji kusogeza kiti.

Wiki ya saba nilimpeleka baba, ambaye kimo chetu ni kimoja, hospitali ya macho. Kabla ya kumwona daktari, muuguzi alimpandisha kwenye mizani, mimi nikasoma kwa mazoea. Hamsini na nne. Wiki ya saba, ambayo mstari wa herufi kubwa haukuwepo.

Nililaza kichwa kwenye usukani kidogo. Nilikuwa nimenusa shingo ya mume wangu kama mbwa wa polisi, kumbe.

Lakini hata hapo sikuamini. Mtu yule hakuiona glasi iliyokuwa mezani.

*

Jumatano niliomba ruhusa ya saa mbili kwa msimamizi wa wodi. Saa nne na nusu nilikuwa nimesimama kwenye ukuta wa jirani, kando ya geti letu, upande wa kushoto wa gari, wazi kabisa, na nguo zangu nyeupe za kazi. Sikujificha. Nilitaka kujua kama ataniona.

Baba alitoka na shati lake la kampuni, lile la kijivu lenye mfuko wa kalamu. Sikujua kama bado analo. Alilizunguka gari mara moja, akipiga teke kila tairi, la tatu akalirudia. Akafungua boneti, akavuta kijiti cha mafuta, akakifuta kwa kitambaa, akakitumbukiza, akakisoma kwa kukiweka karibu na jicho la kulia kama sonara. Akafunga. Akaingia, akachukua daftari langu, akaandika. Kisha akavuta mkanda, akageuza shingo kidogo kushoto, upande niliposimama.

Nikapunga mkono. Akageuka mbele, akawasha gari.

Hakuniona. Hatua tatu, mchana kweupe, nguo nyeupe. Gari likaanza kutambaa kuelekea getini, laini kama mkono unaopitishwa juu ya kitanda, na mimi nikaruka nikapiga boneti kwa viganja viwili.

Alisimama papo hapo. Mguu wake wa breki ulikuwa mwepesi kuliko wangu.

Nilizunguka hadi dirishani kwake, upande wa jicho zima. Alikuwa amekwisha kuzima gari na kuweka mikono juu ya usukani ambapo ingeonekana, kama wafanyavyo wakisimamishwa na askari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Akatazama saa. "Hukwenda kazini?"

"Funguo umetoa wapi?"

"Za akiba. Ziko kwenye kikombe juu ya kabati, mmeziweka wenyewe." Kisha, haraka kidogo, "Kila safari nimeiandika. Sijaiba hata kilomita moja. Na petroli naweka, uliza kituo cha pale kona."

"Nimeona umeandika. Ndiyo maana niko hapa. Watu wa kodi nao wameona."

Uso wake ukabadilika kwa mara ya kwanza. "Wa kodi?"

"Daftari hili ni la kodi, baba. La kazi yangu. Ulidhani la nini?"

Alilitazama daftari kwenye kiti cha pembeni kama mtu aliyeambiwa mbwa aliyemfuga ni wa jirani. "Daftari la gari," akasema. "Gari likitoka, linaandikwa. Nilisimamishwa kazi siku mbili na kampuni kwa kilomita nane nisizoziandika, wewe ukiwa chekechea. Ningeanzaje kuendesha bila kuandika?"

"Umeandika kazi."

"Ulitaka niandike nini?" Sauti yake haikupanda. "Matembezi? Sijawahi kwenda matembezi na gari maisha yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kufoka. Nilikuwa na maneno tangu jana, mengine makali. Nikauliza tu, "Mizani unafuata nini?"

"Karani wa pale tumejuana tangu mizani ile ikiwa ya mawe. Nikifika anafungua kizuizi, napanda, anapiga chapa, ananipa karatasi. Ananiita kwa namba ya lori langu. Tunakunywa chai, narudi." Akafikiri. "Dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Naenda polepole, mkono wa kushoto, malori yananipita."

"Mimi nilikuwa hapa," nikasema, nikamwonyesha ukuta. "Nimekupungia."

Hakuuliza lini. Alitazama ukuta, akapima kwa macho, kwa jicho, umbali kutoka ukutani hadi kwenye boneti. Nilimwona akiupima. Nilimwona akifika kwenye jibu.

"Umevaa hivyohivyo?" akauliza.

"Hivihivi."

Akachomoa ufunguo. Nikanyoosha mkono, lakini hakunipa.

"Ngoja," akasema. "Gari halikabidhiwi hivyo."

Akashuka. Tulifungua nyuma pamoja, akanionyesha tairi la akiba, akalibonyeza, likawa na upepo. Mimi mwenyewe sikuwahi kuligusa. Jeki. Spana. Pembetatu ya dharura, ambayo nilidhani ilipotea, aliinunua yeye. Akanionyesha mkwaruzo kwenye kioo cha kushoto, akasema, "Huu ni wangu, wiki ya pili, mlingoti wa taa. Katika kila gari nililokabidhi sikuwahi kuficha mkwaruzo." Nilikuwa nimemlaumu Bonge kwa mkwaruzo ule kwa miezi miwili. Kisha akakaa na daftari gotini, akaisoma mita kwa sauti, akaufuta kwa mstari mmoja ulionyooka ule mstari wa leo aliokwisha kuuandika, na chini yake akaandika MAKABIDHIANO. Akaweka sahihi, akanipa kalamu nisaini, na baada ya hapo tu ndipo akaniwekea ufunguo kiganjani.

Saa mbili zangu zilikuwa zimebaki dakika kumi. Aliingia ndani bila kugeuka. Nikasikia redio.

*

Mshauri wa kodi aliikata mistari kumi na mmoja kwa rula, na pembeni ya kila mmoja akaandika: binafsi, mtu wa familia. Wiki zile gari lilikuwa limetembea kilomita elfu tano na sitini. Fungu la kazi likashuka kutoka asilimia themanini na nne hadi sabini na nne.

"Inauma?" akauliza.

"Kidogo."

"Fomu itakuwa imenyooka." Akanipa karatasi ya kusaini. Alikuwa akinitazama bado kwa ile nusu inchi ya nyusi. "Mtu wa familia yupi, kama si siri?"

"Mwenye kilo hamsini na nne," nikasema, nikasaini.

Kwa mume wangu nililipa kwa awamu. Nilimweleza yote siku ileile, mwanamke na magunia na shingo. "Unga," akasema. "Umeona mimi mwizi wa unga." Mwanamke hakumkera sana, unga ndio uliomkera. Mpaka leo akiingia asubuhi husimama mlangoni, huinamisha shingo nimnuse, na sharti ninuse.

Funguo za akiba nilizitoa kwenye kikombe, ninatembea nazo. Hata hivyo Jumatano jioni, kabla sijavua viatu, nazunguka uani, nashika boneti kuona kama ina joto, nafungua mlango, nasoma mita. Sijivunii. Naisoma mara mbili.

Na kila Jumatano nakuta mkono mwingine umenitangulia kwenye daftari jipya la gari. Kufuli la mlango wa gari liliharibika siku nyingi, mzee huufungua bila ufunguo. Tarehe, namba ileile ya kuondoka na ya kufika, na kwenye sababu, herufi kubwa, wima, safi: LIMESIMAMA.